Naomba ushauri: bakteria wa kunde na samadi kwenye shamba kavu

Wakuu, habari za kazi. Nalima mtama na kunde kwenye udongo wa kichanga, mvua chache na hazitabiriki. Msimu ujao nataka kupaka mbegu za kunde bakteria wa raizobia, wale wanaotengeneza vinundu mizizini na kunasa naitrojeni ya hewani. Najua hawapendi jua kali, kwa hiyo mbegu hupakwa kivulini na kupandwa siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Shida yangu ni hii: mvua ya kwanza ikinyesha kisha ikakata wiki mbili, watasalimika kweli, au itakuwa hela imetupwa?

Halafu samadi. Ninayo ya ng'ombe, ila imejaa mabua makavu, na isipooza vizuri vijidudu vya udongo huichukua naitrojeni mimea ikabaki ya njano. Niiozeshe kwanza, au niitie kidogokidogo kwenye mashimo ya kupandia?

Na wale kuvu wa mizizi wanaousaidia mtama kupata fosforasi, kulima kwa kina kila msimu si ndiko kunakatakata nyuzi zao? Aliyejaribu kwenye ukame wenyewe, siyo bustani ya kumwagilia, anisaidie.