Ngazidja (kisiwa cha Komoro): Moroni, Mvuni au Fumbuni, wapi kuna afadhali?

Msafiri_Tanga: Wadau habari zenu. Nampeleka bimkubwa Ngazidja kuanzia Januari, kama miezi mitatu hivi, ndugu tunao Moroni na wengine Fumbuni. Mama ana pumu na unyevunyevu unamtesa sana, nimpeleke wapi?

Shangazi_wa_Moroni: Karibuni sana mwanangu. Januari ndo mvua zenyewe, kashkazi inakuja toka kaskazini magharibi imebeba unyevu wa bahari inagonga Karthala, mlima wa mita 2,361, hewa inapanda inapoa inamwaga yote huku kwetu magharibi. Moroni miezi hiyo nguo zinashinda kambani na hazikauki. Fumbuni iko kusini mashariki, mlima umeikinga, mvua chache. Mie ningempeleka huko.

Fundi_Birika: Shangazi kasema kweli, ila maji jamani! Ngazidja haina hata mto mmoja wa kudumu, lile jiwe la volkano mvua ikinyesha linaimeza yote, kwahiyo majumba mengi yanaishi kwa birika, yani tangi la kuhifadhi maji ya mvua, na huko kukavu birika likikauka ndo shida inaanza. Halafu 2005 Karthala ilivyolipuka majivu yaliingia mpaka kwenye mabirika, watu wakahangaika maji ya kunywa. Uliza kabisa birika la huyo ndugu lina ukubwa gani na lina mfuniko? Wageni wanaulizia jua tu, hili hawaliulizi.

Kijana_wa_Milima: Mvuni pazuri, ni juu kidogo ya Moroni, jioni kunapoa. Ila ukizidi kupanda ni habari nyingine, kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, sisi tulilala juu karibu na kreta mwezi wa saba, blanketi mbili na bado meno yanagongana. Na ukungu wa kule kwa mwenye pumu hapana.

Msafiri_Tanga: Shukrani wote. Na tukisubiri kusi?

Shangazi_wa_Moroni: Hapo umenena! Juni mpaka Septemba hewa kavu, kabaridi kazuri, hata Moroni atakaa vizuri. Vimbunga navyo ni vya miezi ya mvua, Kenneth ilitupiga Aprili 2019, usiku ule sijausahau.

Msafiri_Tanga: Basi nasogeza tiketi hadi Juni. Na mjomba wa Fumbuni nampigia leoleo nimuulize birika.