Nimeletewa barua ya mawakili Ujerumani kisa torrent, intaneti ni ya jina langu ila sikudaunilodi mimi

Mgeni_Leipzig:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana siku walizonipa ni chache. Nasoma hapa Leipzig, tunaishi watatu na mkataba wa intaneti uko kwa jina langu. Jana nimekuta barua nene ya mawakili, wanasema siku fulani saa 4:12 usiku kuna muvi imesambazwa kupitia IP yangu (ile namba ya laini ya intaneti), mpaka jina la faili wameliandika, wanataka euro 900 na ushee, na kuna karatasi nisaini kwamba sitarudia tena. Torrent, hiyo njia ya watu kurushiana mafaili wenyewe kwa wenyewe, sijawahi kugusa. Ila wiki hiyo binamu yangu alikuja kunitembelea na nilimpa paswedi ya waifai. Je kampuni ya intaneti huwa inachungulia kila ninachofungua? Na nikikaa kimya itakuwaje, wenzangu humu ndani wanasema niitupe tu.

Dada_wa_Köln:
Usiitupe mdogo wangu! Hiyo ndo Abmahnung, barua ya onyo ya mawakili, ukinyamaza mpaka siku zipite wanaenda mahakamani na gharama zinapanda.

Kampuni ya intaneti haijakuchungulia. Wenye muvi wanaajiri watu wa kufuatilia, wanaingia kwenye hiyo torrent kama mtu mwingine yeyote, wananakili IP za wote wanaorusha vipande vya faili pamoja na saa, halafu mahakama inatoa amri ndo kampuni ya intaneti inalazimika kusema IP ile saa ile ilikuwa ya mteja gani. Ndo maana limetoka jina lako, binamu hawamjui. Na muulize vizuri alitumia nini, kuna zile app za muvi za bure kama Popcorn Time, mtu anajiona anatazama tu kumbe huku nyuma simu au laptop inawarushia wengine vipande vilevile, na hapa kesi inakuwa ya kusambaza. Wageni wengi tunanasia hapo kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kutuletea barua ya hivyo.

Karatasi usiisaini kama ilivyo, ukishasaini imekufunga kwa miaka mingi na mara nyingi maneno yake yanakubebesha zaidi ya unachotakiwa. Mwanasheria anakuandikia iliyorekebishwa. Nenda Verbraucherzentrale, ofisi ya kutetea wateja, au uliza serikali ya wanafunzi chuoni kwako, nyingi zina ushauri wa sheria bure.

Mzee_Dallas:
Huku Marekani barua inakuja kwa imeili kutoka kwa kampuni ya intaneti yenyewe, na mara nyingi ni onyo tu. Lakini sheria ya 1998 inasema kampuni ikitaka kinga dhidi ya makosa ya wateja lazima iwe na utaratibu wa kuwakatia intaneti wanaorudiarudia. 2019 jopo la raia mahakamani kule Virginia liliiambia kampuni ya intaneti ya Cox iwalipe wenye muziki dola bilioni 1 kwa kutowakatia wateja wa aina hiyo, 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta hiyo hesabu lakini woga ulishaingia. Mimi hili linanikera sana. Nyumba ina mtoto anasoma, mama anafanya kazi kwa laptop, bibi anaongea na daktari kwa video, wote wanakatiwa kwa kosa la mmoja? Ufaransa walipitisha sheria ya hivyo 2009, Juni 2013 mtu mmoja akahukumiwa kukatiwa siku 15 na faini ya euro 600, mwezi uliofuata serikali ikaifuta adhabu ya kukatia.

Njoro_Nai:
Sawa mzee, ila wasanii nao wale nini? Mtu anatengeneza filamu kwa mkopo, wiki ya kwanza iko Telegram bure. Huku Kenya sheria ya 2019 inampa mwenye kazi haki ya kumwandikia mtoa huduma, na huyo ana saa 48 za kazi kufunga njia ya kuifikia, MultiChoice wenye DStv waliwapeleka watoa huduma Safaricom na Jamii kortini kwa ajili ya saiti za kuonyesha mechi. Hiyo mi naiunga mkono kwa sababu inamfuata anayefanya biashara, haimfuati mwenye waifai. Na kwa data za simu wateja kibao wanachangia IP moja, ukisema umkate mwenye IP utakata mtaa mzima.

Mgeni_Leipzig:
Asanteni sana, nimepata miadi Alhamisi. Binamu amekubali ni yeye, alikuwa anatazama kwa app. Sasa dada, nimtaje au nisimtaje?

Dada_wa_Köln:
Hilo mwulize mwanasheria kabla hujawaandikia mawakili hata mstari mmoja. Sheria inaanza kwa kudhani mwenye mkataba ndiye, ila ukieleza vizuri nani mwingine alikuwa na paswedi dhana hiyo inaweza kuanguka. Tatizo lako ni kwamba sasa unamjua. 2017 mahakama ya juu kabisa ya hapa Ujerumani iliamua kesi ya wazazi waliojua ni yupi kati ya watoto wao watatu alisambaza albamu wakakataa kumtaja, deni likabaki kwao. Kwa hiyo Alhamisi nenda na barua, bahasha yake, mkataba wa intaneti, na karatasi uliyoandika nani alilala hapo nyumbani usiku ule. Na paswedi ibadilishe leo.