Naomba ushauri: mshauri nasaha mwenye leseni, Mombasa

Salaam ndugu zangu. Natafuta mshauri nasaha upande wa Changamwe au Likoni, kwa ajili ya kijana wa miaka 19 anayekesha macho. Sheria ya Kenya ya 2014 inataka mshauri asajiliwe na bodi ya washauri na wanasaikolojia. Cheti cha chuo kilichotundikwa ukutani si leseni. Nitaomba namba ya usajili na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana anayejitangaza kwa lakabu ukimtafuta kwenye orodha humpati. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, lakini je, mtu hupata kikao kila wiki, au ni dawa tu? Na kwa kliniki za binafsi, kikao cha dakika 50 mnalipa ngapi?