Re: Kwaresima na zamu za kazi huku Köln, naomba ushauri

Kutoka: Köln

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza, nimetokea Kondoa. Nyumbani sikuwahi kuitafuta Kwaresima, ilikuwa inanijia yenyewe. Mwenyekiti wa jumuiya anapita kugawa bahasha, katekista anakusanya matawi makavu ya mwaka jana yakachomwe kupata majivu, na Ijumaa Njia ya Msalaba inakatiza mlangoni kwenu. Huku nimekuja kushtuka Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi, yamekwisha na mimi niko zamu ya usiku. Bwenini kwetu sijapata wa kusali naye. Misa niliyokwenda ni ya Kijerumani, waumini wachache, wengi wazee, muda si muda tumeshatoka.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Kwaresima hii niifanyeje? Nifunge huku nageuza na kuinua wagonjwa kutwa? Halafu wapo wenzangu wananishauri nijitoe kanisani rasmi ili nisikatwe kodi ya kanisa, ile ambayo serikali huku inawakata walioandikishwa kuwa waumini. Hilo nalo likoje?

Mdogo wenu.

---

Kutoka: Miyuji, Dodoma

Milele amina, mwanangu. Pole na baridi.

Nimefanya kazi ya kutunza wazee huko huko kwenu, mkoa wa mto Rhine, mpaka nilipostaafu nikarudi hapa Miyuji. Kwa hiyo nakuelewa. Umeuliza kwanza habari ya kufunga, lakini mimi nitaanza na ratiba ya zamu, maana mengine yote yanategemea hiyo. Hapa Dodoma mwaka wa Kanisa unabebwa na jumuiya, nawe unatembea nao tu. Huko hakuna wa kukubebea. Usipouweka kwenye ratiba ya wodi mapema, utapita bila wewe.

Chukua kalenda ya karatasi, ibandike mlangoni kwa ndani. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, Dominika ya Matawi 29 Machi, Pasaka 5 Aprili, Kupaa kwa Bwana Alhamisi ya 14 Mei, Pentekoste 24 Mei, na Ekaristi Takatifu Alhamisi ya 4 Juni. Sasa angalia hapo, maana kuna jambo zuri: mkoa wenu umezipa nyingi za siku hizo mapumziko ya serikali. Kupaa ni mapumziko, Jumatatu ya Pentekoste ni mapumziko, Ekaristi ni mapumziko, hata 1 Novemba ya Watakatifu Wote. Sisi hapa nyumbani tunaadhimisha sikukuu hizo na kesho yake kazini kama kawaida. Hospitali haifungwi, ni kweli, lakini una pa kuanzia kuomba.

Na uombe kwa kutoa kitu. Jumatatu ya Karnivali ni tarehe 16 Februari, siku mbili tu kabla ya Majivu. Köln nzima inakuwa barabarani na mavazi ya rangi, na wenzako wodini wote wataitaka siku hiyo. Jiandikishe wewe. Kisha mwambie msimamizi wa wodi kwamba kwa hiyo unaomba Alhamisi Kuu jioni, Ijumaa Kuu mchana na Mkesha wa Pasaka. Huenda usipate zote. Ukilazimika kuchagua, shika Mkesha. Ule moto mpya, ile mishumaa inayowashwa mmoja kutoka kwa mwingine hadi kanisa zima linaonekana, masomo marefu, Aleluya inayorudi baada ya wiki zote hizo, hapo ndipo mwaka wetu wote unapogeukia. Makanisa mengine ya huko hufanya Mkesha Jumamosi usiku, mengine alfajiri ya Jumapili kabla jua halijachomoza, kwa hiyo soma tangazo la parokia uchague unaoendana na zamu yako.

Angalizo moja kuhusu 29 Machi: usiku wa kuamkia Dominika ya Matawi saa za Ulaya zinasogezwa mbele saa moja. Wasiojua hufika kanisani watu wanatoka. Matawi yenyewe usitegemee ya mtende. Watakupa vijitawi vya kichaka chenye majani madogo ya kijani kibichi. Yamebarikiwa yaleyale. Chomeka nyuma ya msalaba chumbani kwako kama kwenu.

Kufunga. Sheria ya Kanisa inatudai siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na kidogo mara mbili visivyofikia mlo. Nyama tunaacha siku hizo na Ijumaa za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mgonjwa na mwenye kazi nzito ana ruhusa, wala usimwangushe bibi wa watu kitandani kwa sababu ya njaa ukadhani umempendeza Mungu. Ukipangiwa zamu siku ya Majivu, kula asubuhi kidogo, mlo wako kamili uwe kabla ya kazi ngumu. Maduka ya Waturuki yana bamia. Zipike na karanga, zitashika nafasi ya mlenda. Na Ramadhani mwaka huu inatarajiwa kuanza karibu siku hiyohiyo ya Majivu. Wewe mtu wa Kondoa huhitaji kufundishwa kuishi na wanaofunga. Tafuta Mwislamu hapo bwenini au wodini, kaeni pamoja wakati wa kufuturu. Mimi nilipata rafiki wa kweli kwa njia hiyo.

Dominika ukiwa zamu, usijitese. Anayehudumia wagonjwa ana sababu ya haki ya kukosa Misa. Lakini Misa ya Jumamosi jioni inahesabika ya Dominika, na parokia nyingi huko wanayo. Anza na hiyo.

Sasa kodi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona vijana wetu wakiingia humo bila kujua. Kwa mkoa wenu kodi ya kanisa ni asilimia 9 ya kodi ya mapato unayokatwa, si ya mshahara. Mwanafunzi anayekatwa kodi ndogo analipa kidogo sana, na asiyekatwa halipi. Kujitoa kunafanyika mbele ya ofisi ya serikali, na maaskofu wa Ujerumani waliweka amri mwaka 2012: aliyejitoa haungami wala hapokei Komunyo, isipokuwa yuko katika hatari ya kufa, na hawezi kuwa msimamizi wa ubatizo au kipaimara. Siku utakapotaka kufunga ndoa, hapo Köln au hapa Kondoa, jambo hilo litakusubiri. Wanaokushauri hawatakuwepo. Na kwa kuwa tumefika hapo: mwambie ndugu yako ajue parokia uliyobatizwa na namba yako ya ubatizo. Wakati wa ndoa watataka cheti kipya, kilichotolewa karibuni, siyo ile kadi ya tangu utotoni.

Kuhusu ile Misa ya wazee wachache. Najua. Mtu aliyezoea matoleo yakipanda na ngoma ya muheme, akina mama wanapiga na kanisa linaitikia, akiingia pale anaona kama msiba. Lakini nakusihi usiishie kutafuta Misa ya Kiswahili mara moja kwa miezi kadhaa huku Dominika nyingine umelala. Kaa na hao wazee. Baada ya Misa jitambulishe kwa padre, mwambie unatoka Tanzania, jimbo la Kondoa. Uliza kama wanahitaji msomaji. Januari watoto wao wanavaa kama Mamajusi, wanapita nyumba kwa nyumba wanaandika kwa chaki juu ya mlango na kukusanya fedha kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Mwaka ujao jitolee kuongozana nao. Utazijua nyumba za mtaa wako kwa siku mbili kuliko ulivyozijua kwa mwaka.

Na Majilio usiyaogope tena. Hapa sisi Desemba tuko shambani, tunaangalia mawingu. Huko jua linazama saa kumi na nusu jioni, na taji la mishumaa minne linawashwa mmoja kila Dominika. Mimi kungoja mwanga nilikuelewa vizuri nikiwa huko, katika giza lile.

Jimbo Kuu letu limelelewa na shirika la watawa Wapasionisti, na Kanisa Kuu letu ni la mwanzilishi wao, Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Wale wana nadhiri ya kuwakumbusha watu Mateso ya Bwana. Njia ya Msalaba kwetu Dodoma si nyongeza, ndimo tulimokulia. Kwa hiyo Ijumaa tuisali pamoja kwa simu. Saa tatu usiku ya hapa ni saa moja usiku ya kwenu. Tuanze 20 Februari. Nitakuwa na akina mama wawili watatu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa jumuiya yetu.

Mama yako, Miyuji.

---

Kutoka: Birmingham

Shikamoo mama. Na wewe mdogo wangu, karibu sana.

Naongeza kwa walioko Uingereza: huku maaskofu walirudisha kuacha nyama Ijumaa zote za mwaka tangu Septemba 2011, siyo za Kwaresima tu. Mkialikwa chakula Ijumaa semeni mapema, wenyeji wanaelewa. Fedha za Kwaresima mimi nagawa nusu parokia ya hapa, nusu namtumia mwenyekiti wa jumuiya yetu Chang'ombe, aziweke kwenye bahasha yetu ya familia.

Saa tatu usiku ya Dodoma ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Nitakuwa kwenye basi, lakini nitasikiliza na kuitikia kimoyomoyo.

---

Kutoka: Köln

Shikamoo mama. Asante sana, na kaka asante.

Nimeongea na msimamizi leo. Tarehe 16 Februari nimechukua, akafurahi kweli. Mkesha wa Pasaka nimepewa. Ijumaa Kuu niko zamu ya asubuhi, nikitoka nitawahi ibada ya saa tisa. Alhamisi Kuu imeshindikana. Kodi nimeachana nayo, jina langu linabaki.

Ijumaa nitakuwepo kwenye simu. Ila kitabu changu cha sala nilikiacha nyumbani. Mwenye Njia ya Msalaba ya Kiswahili naomba anipigie picha vituo vyote kumi na vinne anitumie kabla ya tarehe 20.