Ukungu ni wa Mungu, mafuta mliyojaza ni yenu (ndege ya asubuhi, Mombasa–Nairobi)

Wadau, naandika damu ikiwa bado inachemka, mtanivumilia. Shirika silitaji kwa sasa kwa sababu malalamiko yangu yako mezani kwao na sitaki wapate kisingizio. Waliokuwa ndani ya ndege ile wanajijua.

Tuliondoka Mombasa kwa wakati. Safari yenyewe haitimii saa nzima, hujamaliza juisi unaambiwa ufunge mkanda. Siku hiyo tukafika juu ya Nairobi tukaanza kuzunguka. Chini kumefunikwa gubigubi, huoni Athi River wala Machakos, weupe mtupu, na juu jua kali. Jua lenyewe ndilo lililonijuza kwamba hatuendi popote: linaingia dirishani kwangu, linahama, linawachoma wa upande wa pili, linarudi kwangu. Ukimuuliza mhudumu, anatabasamu: "Tunangoja ruhusa ya kutua."

Mwishowe sauti ya rubani ikasikika. Ukungu JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, bado mzito, mafuta ya kungojea yamefika kikomo, tunarudi Mombasa.

Nusu ya abiria wakasikia "mafuta yamekwisha". Mama wa kiti cha mbele akaanza kusali kwa sauti. Kijana nyuma yangu akatoa simu akarekodi. Mzee mmoja wa suti akasimama kumfokea mhudumu: mwambie atue tu, marubani wa siku hizi waoga!

Hapa niseme wazi kwamba kwa rubani sina neno, na atakayekuja kumtukana kwenye uzi huu tutakosana. Ndege haijazwi mafuta ya kufika tu. Kuna ya safari yenyewe, kuna ya kutembea uwanjani kabla ya kuruka, kuna nyongeza kidogo ya yasiyotarajiwa, kuna ya kukimbilia uwanja mbadala, na chini kabisa kuna akiba ya dakika 30 ambayo hakuna rubani anayepanga kuigusa. Akiona kwamba atatua akiwa ameshaanza kuila akiba hiyo, sheria inamtaka atangaze Mayday, yaani dharura. Kwa hiyo aliposema kikomo, alimaanisha kwamba yale ya kuzungukia ndiyo yameisha. Ya kuturudisha pwani yalikuwa yamo na akiba yake imo. Angeendelea kuzunguka kwa kuwa mzee wa suti ana mkutano Upper Hill, angekuwa anakula mafuta ya uhai wetu. Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa zaidi ya saa nzima ikingoja kutua New York. Marubani walisema mafuta yanaisha lakini hawakutangaza dharura. Injini zikazima, ikaanguka Long Island, wakafa watu 73 kati ya 158. Mzee, hicho ndicho ulichokuwa ukikiomba kwa kelele.

Hasira zangu ni za ofisi.

Tulipotua Mombasa tukaegeshwa mbali, tukaambiwa tukae vitini, "tunaongeza mafuta mara moja". Mara moja hiyo ilikula asubuhi yote. Ndege nyingine zilizokimbia ukungu zilikuwa zimetutangulia, bauza (magari ya mafuta) zikawa zinahudumia hizo kwanza. Joto la Mombasa mnalijua. Maji ya kunywa yakaisha. Mtoto mmoja alilia mpaka sauti ikamkauka, na mamake hakuwa na maziwa mengine kwa sababu nani hubeba maziwa ya siku nzima kwa safari ya dakika hizo? Bauza ilipofika tukaambiwa tufungue mikanda na tusisimame njiani, gari la zimamoto likiwa kando. Hilo nalikubali, ni utaratibu wa kujaza mafuta abiria wakiwa ndani, ili moto ukizuka mtoke mbio. Lakini mafuta hayakuanza kuingia. Mlangoni alisimama jamaa wa kizibao cha kung'aa akibishana na simu: "Nani atatia sahihi? Mimi sina idhini ya kuchukua mafuta haya." Yaani rubani alishasema akiwa hewani kwamba tunarudi, na tangu hapo hakuna mtu ofisini aliyeinua simu kuagiza mafuta!

Tulipofika Nairobi hatimaye, miadi yangu ya hospitali ilikuwa imepita. (Treni ya SGR ya usiku ingeniteremsha Syokimau kabla ya jogoo.) Nikaenda kwenye dawati lao.

"Pole dada, hilo lilikuwa jambo la Mungu. Hali ya hewa hatulipii."

Nikamwambia ukungu ni wa Mungu, sawa, lakini kilo za mafuta mlizoweka kwenye ndege ni za nani? Akatazama kompyuta yake.

Sisemi walivunja sheria. Nasema walijaza kile kiwango cha chini kinachoruhusiwa, kwenye asubuhi ya baridi, wakati Nairobi nzima inajua ukungu wa Embakasi, JKIA ilipo, na utabiri wa uwanja huo marubani na ofisi zao husoma kabla ya kuondoka. Kuna sababu ya kubana, naielewa: mafuta ni mzigo, na kubeba mafuta kunakula mafuta. Kwenye safari ya saa 10 hilo ni gharama ya kweli. Kwa safari isiyofika saa moja, kinacholiwa na tani moja ya ziada ni sehemu ndogo tu ya tani hiyo, na njia ya kurukia ya JKIA ina zaidi ya kilomita 4, haitalemewa na tani hiyo. Tani hiyo ingetupa muda wa kungoja zaidi. Labda ukungu ungeinuka, labda usingeinuka. Lakini wao waliokoa vijisenti, halafu abiria tukalipa siku nzima, na anayelaumiwa ni Mungu.

Ninachodai kwao nimekiandika hivi: nirudishiwe nauli, na wanieleze ni nani aliyepanga mafuta ya asubuhi ile. Nakala nimepeleka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kama hapa kuna mtu anayefanya kazi ya kupanga safari za ndege, naomba anisahihishe penye makosa ya kitaalamu, ila asiniletee ile ya "hali ya hewa haina mwenyewe".

Na wewe kijana uliyekuwa ukirekodi, kama unasoma hapa, njoo inbox. Naihitaji sehemu ile rubani anataja mafuta, kwa sababu kwenye barua pepe waliyonijibu jana neno mafuta halimo kabisa.