Mjadala: Mkupuo urudi asilimia 50, au tunadai kitu kisicho sahihi?

Mtoa mada, Iringa Mjini
Kamwene wote. Julai 2022 mkupuo wa mtumishi anayestaafu, yaani sehemu ya pensheni anayolipwa kwa mara moja, uliwekwa asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu enzi za PSPF na LAPF, mifuko ya zamani ya pensheni ya watumishi. Bado kelele huku kwetu ni ile ile: rudisheni nusu yetu, tukanunue shamba la miti Mufindi tujilipe pensheni wenyewe. Jazba tuweke pembeni, mwenye hesabu azimwage hapa.

Mhasibu wa Makambako
Tumchukue mwalimu mwenye miezi 360 ya michango, na wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ni 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Gawanya 360 kwa 580, kigawanyo cha kanuni ya sasa, zidisha kwa hiyo 14,400,000: unapata 8,937,931. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake, mara 12.5, ndiyo mkupuo: 44,689,655. Asilimia 60 iliyobaki, gawa kwa 12: pensheni 446,897 kwa mwezi.

Mwalimu huyo huyo kwa kanuni ya zamani ya PSPF (540 badala ya 580, 15.5 badala ya 12.5, nusu kwa nusu) angeondoka na 74,400,000 na pensheni ya 400,000. Kapoteza karibu milioni 29.7 mkononi, kaongezewa pungufu ya 47,000 kwa mwezi. Ili ifidie inahitajika miezi 633, miaka 52 na miezi tisa. Anayesema wastaafu wameongezewa pensheni ahesabu tena.

Lakini wadai nusu nao wasikie. Ukirudisha 50 na kuacha 580 na 12.5 zilivyo, mkupuo unakuwa 55,862,069 na pensheni inashuka hadi 372,414. Umepata milioni 11.17, umeuza 74,483 za kila mwezi. Kilichomkata mwalimu zaidi ni 580 na 12.5, na hizo hakuna anayezipigia kelele.

Mama Uyole
Kaka mhasibu, hiyo 12.5 ifafanue kwa mtu wa kawaida.

Mhasibu wa Makambako
Ni miaka, dada. Kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia, mfuko unakulipa shilingi 12.5 leo. Ukistaafu na miaka 60, ukivuka 72 na nusu ulikuwa bora uiache kwenye pensheni.

Dalali wa hati fungani, Mbeya
Hapo umemaliza nusu ya hesabu, mkuu. Moja gawa kwa 12.5 ni asilimia 8. Mstaafu akiweza kupata zaidi ya 8 kwa mwaka mahali salama, mkupuo unaishinda pensheni, tena mtaji unabaki wa watoto. Hati fungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 ilishushwa riba mwaka 2022 kutoka 15.95, ikawa 12.56, na hata hiyo bado ilikuwa juu ya 8. Milioni 20 kwa 12.56 ni 2,512,000 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili: 1,256,000 kila miezi sita.

Utaratibu si mgumu. Unafungua akaunti ya CDS, ya kutunzia hati zako, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, unajaza zabuni kuanzia 1,000,000, mnada ni wa BoT, yaani Benki Kuu, na tawi lao lipo hapa Mbeya. Wengi wanapokosea ni bei: wanaangalia riba iliyoandikwa, wananunua hati kwa 110 kwa kila 100, halafu wanashangaa faida imepungua. Kosa la pili ni kufunga fedha zote. Ugonjwa ukiingia unauza hati haraka sokoni kwa bei ya hasara. Acha matumizi ya miezi sita kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaotoa fedha haraka, ndipo ununue hati.

Bwana Miti, Mafinga
Niongelee hiyo pensheni ya misindano (paina) mnayotaka kununua kwa mkupuo. Ekari moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miche kama 450. Palizi miaka ya mwanzo, kupogoa matawi ya chini, kupunguzia miti iliyosongamana, na barabara ya moto, ukanda mtupu wa kuzuia moto, isafishwe kila mwaka kabla ya Septemba. Moto wa jirani anayeandaa shamba lake ndio unaomaliza mashamba, na mche mdogo wa msindano ukiungua hauchipui tena kama mkaratusi. Shamba la serikali la Sao Hill huacha mti ufike takriban miaka 25. Watu binafsi wanavuna wa miaka kumi kwa shida ya fedha, mbao zinatoka nyembamba, mnunuzi anapanga bei.

Sasa anayepanda na miaka 60 atavuna lini? Miti hupandwa na mtu wa miaka 38, kwa mshahara, ekari moja moja. Mwenye mkupuo mkononi, kama lazima iwe miti, anunue shamba la miaka minane au tisa, ahesabu mashina mwenyewe, na mauziano yapite serikali ya kijiji kwa muhtasari wa kikao.

Mama Uyole
Na parachichi?

Bwana Miti, Mafinga
Afadhali. Aina ya Hass, mche wa kubebeshwa, mita 7 kwa 7, miche 82 kwa ekari, anaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ila bila maji ya kiangazi usijaribu, na bondeni panapotuama maji mizizi inaoza.

Mtumishi wa halmashauri, Rungwe
Dalali anaongea kana kwamba mkupuo unafika mzima. Unakuta una mkopo wa benki, mikopo miwili ya kausha damu (ya riba kubwa mitaani), nyumba haina bati na ukoo umeshapanga kikao. Pensheni ya mwezi angalau hakuna anayeweza kuiomba yote siku moja. Nasema 40 ibaki, ila pensheni ipande na bei. Bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, hiyo 446,897 baada ya miaka 18 inanunua nusu ya inachonunua leo.

Dalali wa hati fungani, Mbeya
Basi sheria imwachie mstaafu achague mwenyewe: 25, 40 au 50.

Mhasibu wa Makambako
Ukiruhusu achague siku anayostaafu, wagonjwa wote watachukua 50 na wenye afya watachukua 25. Mfuko utabaki unalipa wazee wa miaka 90 tu. Labda achague akiwa na umri wa miaka 50, na asibadilishe. Hapo naweza kukuunga mkono, mradi 12.5 nayo iwekwe mezani siku hiyo hiyo.