Penzi ulilolikumbuka vibaya: tupeane uzoefu

Kalamu ya Himbi: Nimemaliza ile riwaya ya Mwingereza Julian Barnes, The Sense of an Ending, iliyopata tuzo ya Booker 2011. Mzee mstaafu anaamini kwamba ujanani, rafiki yake alipomchukua msichana aliyeachana naye, yeye aliwajibu kiungwana tu. Miaka mingi baadaye anaoneshwa barua yake mwenyewe: sumu tupu, hata mtoto asiyezaliwa hakupona laana zake. Nimekosa usingizi. Nani yamemkuta?

Sambaza Kavu: Mimi. Na bado nakataa.

Mtoto wa Katindo: Acha nimwage. Miaka kumi na tisa nilisimulia hivi: Alhamisi ile ya Januari 2002, volkano ya Nyiragongo iliposhuka Goma, nilimshika mpenzi wangu mkono, godoro kichwani, tukavuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda. Nalikumbuka jasho la kiganja chake. Kandambili yake ilikatika njiani, nikaifunga kwa kamba ya gunia la makaa. Tulilala nje, kichwa chake begani kwangu, mbingu nyekundu...

Fundi Chukudu: Ngoja. Ulikaa Katindo, magharibi ya Goma? Lava ilikata mji katikati mpaka ziwani. Sisi wa upande huo tulikimbilia Sake, huko huko magharibi. Wewe uliruka moto?

Mama Bahati: Muache amalize! Mwenzio anasimulia penzi, wewe unachora ramani.

Fundi Chukudu: Mama, moto nao ulikuwa na njia yake.

Mtoto wa Katindo: Fundi, hapo hapo ndipo nilipokamatwa. Mei 2021 mlima ukatapika tena, mji ukahamishwa, tukajazana Sake. Kwenye foleni ya maji nikamkuta, bidoni mkononi, watoto watatu nyuma yake. Nikamkumbusha Gisenyi. Akanitazama weee. "Gisenyi nilivuka na kaka yangu. Wewe nilikungoja mpaka joto likatufukuza. Hukuja." Na kandambili? "Ilikatika, ndiyo. Nilikuhadithia mwenyewe tulipoonana baadaye." Kumbe kamba aliifunga kaka yake. Mimi nililala Sake na mama yangu. Sasa lile jasho la kiganja nililitoa wapi?

Sambaza Kavu: Aliyengoja hasahau.

Kalamu ya Himbi: Au naye ametunga? Kwa Barnes tunamsikia mzee peke yake, kila kitu kinapita mdomoni mwake.

Mama Bahati: Wanaume! Mkishindwa mnakimbilia vitabuni. Kijana, mpigie umuombe msamaha.

Fundi Chukudu: Asithubutu, ana mume yule. Afunge mdomo, ale visamaki vyake vya sambaza alale.

Mama Bahati: Wangu anaapa tulionana mara ya kwanza kwenye boti ya Bukavu. Boti sijawahi kupanda, ziwa linanitapisha hata nikiwa ufukweni. Na hiyo gauni ya manjano anayoisifu kila wageni wakija, ni ya nani?

Sambaza Kavu: Mama, usiulize.

Mtoto wa Katindo: Namba yake ninayo. Nataka tu kumuuliza kama zile kandambili zilikuwa za bluu.